Mashine Iliyobadili Nia Usiku

Ijumaa hiyo printa ilikataa kazi saa kumi na dakika chache jioni, na hakuna saa mbaya kuliko hiyo katika saiba yoyote ya Eldoret. Ijumaa jioni ni ya programu za mazishi. Michango imeshakusanywa, mochari imeshalipwa, basi limeshakodiwa, na mwili utatoka mjini kabla ya mapambazuko ili ufike Lugari, Webuye au Mumias watu wakiwa bado wanapanga viti. Kinachobaki ni kile kijitabu: picha ya marehemu mbele, historia yake ndani, nyimbo nyuma, na orodha ya wajukuu ambayo kila mara kuna jina limesahauliwa.

Mteja wangu alikuwa mzee wa makamo kutoka Langas. Alikuwa anamzika mama yake. Aliweka flashi kwenye kaunta akasema, "Kijana wangu, nakala mia moja na hamsini. Jalada liwe la rangi. Gari inatoka saa kumi alfajiri."

"Hiyo ni kazi ya saa moja, mzee," nikamjibu.

Nikabonyeza. Printa ikazungusha magurudumu yake, ikavuta karatasi kidogo, kisha ikanyamaza. Kwenye kioo chake kukatokea maneno: katriji haitambuliki, weka katriji halisi. Katriji ile ilikuwa humo tangu Jumatatu. Alhamisi ilikuwa imechapa CV, barua za kuomba kazi na tasnifu nzima ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakimbizana na tarehe ya mwisho. Hakuna mtu aliyeigusa.

Kampuni iliyotengeneza printa hiyo siitaji. Si mojawapo ya zile nitakazozitaja huko mbele, na yaliyotupata sisi yangeweza kupata saiba yoyote yenye printa yoyote.

Nilikuwa na miezi saba pale, tangu nilipoacha chuo, na nilikuwa nimeanza kujiona mtaalamu. Basi nikafanya kila kitu ambacho mtu wa saiba hufanya. Nilizima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Nikachomoa kebo ya USB nikaweka nyingine. Nikatoa katriji, nikasugua vile vidoti vya shaba kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Nikafuta draiva kwenye kompyuta, nikaipakua upya. Nikahamia kompyuta nyingine. Nikaipiga makofi ubavuni, njia ambayo haifundishwi popote. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi akinitazama bila kusema kitu, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniumiza zaidi.

Saa kumi na moja na nusu nikampigia Baba Chela.

Baba Chela ni fundi mwenye kibanda kwenye korido ya jengo moja karibu na Uganda Road. Alianza na redio, akaja televisheni, akaja simu, sasa ni printa na laptopu. Cheti cha kompyuta hana. Alifika na mkoba wake, akaiangalia printa bila kuigusa, akaniuliza, "Nini imebadilika kutoka jana?"

"Hakuna."

"Kijana. Kitu hakiharibiki hivyo tu. Nini imebadilika?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Alhamisi usiku, nikiwa nafunga, kidirisha kilitokea kikisema kuna sasisho jipya la printa litakaloboresha utendaji. Nilitaka kwenda nyumbani. Nikabonyeza ndiyo, printa ikafanya mambo yake kwa dakika kama tano, ikajizima na kujiwasha, nami nikavuta shata.

"Uliapdeti," akasema.

"Eeh."

"Basi hii haijaharibika. Imebadilishwa nia."

Nimeyabeba maneno hayo muda mrefu. Mashine uliyoinunua kwa pesa yako, iliyokaa juu ya meza yako, inawezaje kubadilishwa nia usiku na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Eldoret? Swali hilo lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

*

Ndani ya kila printa, kipanya, kibodi, skana, ruta na kamera kuna maagizo yanayokiambia kifaa kiwe nini. Waandishi wa vitabu huyaita programu dhibiti. Sisi saiba tunasema fimwea. Neno la Kiingereza alilitunga Ascher Opler mwaka 1967 katika jarida la Datamation. Alikuwa akitafuta jina la kitu kilicho katikati: si vyuma, maana ni maagizo yaliyoandikwa, wala si programu ya kawaida, maana yamefungamana na mashine yenyewe. Printa isiyo na programu dhibiti ni sanduku la plastiki lenye magurudumu.

Zamani maagizo hayo yalichomwa kwenye chipu kiwandani na hapo yakabaki. Kama mashine ilitoka na kosa, ungeishi na kosa hilo au ubadilishe chipu nzima. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alileta chipu inayoweza kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno na kuandikwa upya. Chipu hizo zilikuwa na kidirisha kidogo juu, na mafundi walikibandika karatasi ili mwanga usiingie. Ukifungua mashine ya zamani ukaona chipu yenye kibandiko mgongoni, usikibandue.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba huko Japani, ambaye mwaka 1984 aliwasilisha aina ya kumbukumbu inayofutwa kwa umeme, eneo kubwa kwa mkupuo mmoja. Jina lake, flashi, lilitokana na mwako wa taa ya kamera. Ile flashi ambayo mzee wa Langas aliiweka kwenye kaunta yangu ni mjukuu wa uvumbuzi huo. Na ni kumbukumbu ya aina hiyo hiyo iliyokuwa ndani ya printa yangu, ikihifadhi maagizo yake. Tangu hapo programu dhibiti haikuhitaji tena fundi mwenye bisibisi. Ilihitaji faili tu.

Kitu kinachoweza kuandikwa upya kinaweza pia kufutwa. Dunia ililiona hilo tarehe 26 Aprili 1999, virusi vya CIH vilivyoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, vilipolipuka kwenye kompyuta za nchi nyingi. Vilifuta diski, na kwenye baadhi ya mashine vilifuta hata maagizo ya kuwashia kompyuta. Ukibonyeza kitufe hakuna kitu. Mashine nzima, iliyolala kama jiwe, kwa sababu ya maandishi machache yaliyokosekana.

*

Lakini kwa miaka mingi hatari hiyo ilikuwa mbali na sisi, kwa sababu rahisi: mtandao wetu ulikuwa mdogo mno. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia. Bei ilikuwa ya juu, kasi ilikuwa ya kobe, na saiba zilihesabu dakika kama teksi. Hakuna mwenye saiba aliyekuwa anaacha mashine zipakue masasisho kwa raha zao. Draiva ilikuja kwenye CD ndani ya boksi la printa, na printa ikabaki na akili ile ile iliyotoka nayo kiwandani hadi siku ya kufa kwake.

Katikati ya mwaka 2009 mambo yakageuka. Mwezi wa Juni kebo ya TEAMS, iliyotandikwa chini ya bahari kutoka Fujairah, ilifika Mombasa. Julai mwaka huo huo SEACOM ikaanza kazi. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kutoka fukwe za Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800 kwa barabara, na nyaya za kioo zikapanda mwinuko huo hadi kwetu.

Tunaposimulia habari za kebo hizo, tunasimulia tulichopata: video, mitandao ya kijamii, kazi za mtandaoni, riziki ya watu kama mimi tunaoandika na kutuma kwa barua pepe. Yote ni kweli. Ila kebo ni barabara ya njia mbili. Siku ile tulipopata njia ya kuifikia dunia, kila kiwanda duniani nacho kilipata njia ya kuifikia meza yetu. Printa iliyokuwa mali yetu peke yetu ikawa na mwalimu wa mbali anayeweza kuipigia simu usiku.

*

Kwa nini mwalimu huyo ajali ni wino gani tunatumia? Hapa inabidi tuzungumze biashara.

Printa ya wino huuzwa kwa bei ya chini, wakati mwingine chini ya gharama ya kuitengeneza. Faida inakuja baadaye, katriji baada ya katriji. Kila mtu anayefanya kazi saiba anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kuisoma popote, kwa sababu ukinunua katriji halisi na kuchapa kurasa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kulipa, unafunga duka. Ndiyo maana tuna sindano. Unanunua chupa ya wino, unatoboa kijishimo juu ya katriji, unajaza polepole, unafuta vidole kwenye gazeti. Kwa wiki nzima kucha zako zina rangi ya mtu aliyepiga kura mara tatu.

Hatuko peke yetu. Huko Indonesia watu walikuwa wanazifungia printa mitungi ya nje yenye mipira midogo ya kupitisha wino, kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Mwaka 2010 kampuni ya Epson ilianza kuuza huko huko Indonesia printa zenye matangi ya wino ya kujaza. Ukiingia duka lolote la kompyuta Eldoret leo utaona printa za aina hiyo zimepangwa mbele kabisa. Kile ambacho mafundi walikuwa wanakifanya kichochoroni, kiwanda kilikipaka rangi kikakiweka kwenye boksi.

Wengine walichagua njia nyingine: chipu. Katriji ikawekewa chipu ndogo inayojitambulisha kwa printa, na kuhesabu wino uliobaki. Lexmark ya Marekani iliweka chipu kwenye katriji zake za tona, na kampuni ndogo ya North Carolina, Static Control, ilipotengeneza chipu za kuiga, Lexmark ikaishtaki mwaka 2002 kwa kutumia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998. Sheria hiyo ilikuwa imetungwa kwa ajili ya kuzuia wizi wa filamu na muziki. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilikataa hoja ya Lexmark. Maagizo mafupi ya kuifungua printa, walisema majaji, hayawezi kulindwa kama ni kitabu cha hadithi.

Mahakamani njia ikawa ngumu. Lakini sasisho halihitaji jaji.

Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa vya zamani na USB, ilitoa draiva mpya iliyosambaa kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu bandia iliyoiga ya FTDI, ilibadilisha namba yake ya utambulisho ikawa sufuri. Kompyuta haikuitambua tena. Kelele zilikuwa kubwa, na draiva ikaondolewa mwezi huo huo. FTDI walikuwa na haki ya kukasirika, maana kazi yao iliibiwa. Ila fikiria nani alilipa. Aliyeghushi chipu alishachukua pesa yake zamani. Aliyebaki na kifaa kilichokufa ni mtu aliyenunua kebo kwenye duka la Luthuli Avenue au hapa Eldoret, asiyejua na asiyeweza kujua kilichomo ndani ya plastiki ile.

Kisha ikaja tarehe 13 Septemba 2016. Siku hiyo watu wa nchi mbalimbali wenye printa za HP za familia ya OfficeJet waliamka na kukuta katriji za kampuni nyingine zimekataliwa. Wengi hawakuwa wamesasisha chochote siku hiyo. Maagizo yalikuwa yameingia miezi kadhaa kabla, yakakaa kimya yakisubiri tarehe. HP waliita mfumo huo ulinzi, wakisema unalinda ubora na uvumbuzi wao. Mwishoni mwa mwezi huo waliomba radhi kwa namna walivyowasiliana na wateja, wakaahidi sasisho la hiari la kuondoa kizuizi kwenye printa zilizoathirika. Mwaka 2018 walikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani, na mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini ya euro milioni 10. Mfumo wenyewe haukufa. Unaendelea kwenye printa nyingi mpya, ila sasa umeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo.

*

Mpaka hapa unaweza kusema dawa ni moja: usisasishe kitu, maisha yako yote. Nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini wiki chache tu baada ya kisa cha HP, tarehe 21 Oktoba 2016, sehemu kubwa ya mtandao wa Marekani ilizimika kwa saa kadhaa. Kampuni ya Dyn, iliyokuwa inasaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, ilikuwa imeshambuliwa na jeshi la vifaa vidogo: kamera za ulinzi, ruta na visanduku vya kurekodi video vilivyotekwa na programu iitwayo Mirai. Mirai iliviingia kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Vifaa vingi vya aina hiyo havikuwa na njia nyepesi ya kurekebishwa. Viliuzwa, vikasahauliwa.

Kwa hiyo katika msimu mmoja tulipata masomo mawili. Septemba: sasisho linaweza kukunyang'anya ulichonunua. Oktoba: kifaa kisichosasishwa kinaweza kugeuzwa silaha. Masomo haya hayapingani. Ya pili ndiyo inayofanya ya kwanza iwe mbaya. Sasisho ni kama chanjo: linafanya kazi tu kama watu wanaliamini. Kampuni inapotumia mlango wa usalama kupitisha askari wa kulinda wino wake, inafundisha watu wa kawaida kuufunga mlango huo. Na watu wamefundishika. Tembea saiba yoyote ya mji huu uulize kuhusu masasisho ya printa. Utajibiwa kabla hujamaliza swali.

*

Kuna mtu aliyekutana na printa ya namna hii karibu mwaka 1980, kabla hata flashi haijatangazwa. Richard Stallman alikuwa mwandishi wa programu kwenye maabara ya MIT huko Marekani. Printa yao ya zamani ilikuwa inakwama karatasi mara kwa mara, naye alikuwa ameiandikia programu ya kuwajulisha watumiaji ikikwama, ili aliye karibu aende kuikwamua. Kisha maabara ikapewa printa mpya ya leza ya Xerox. Ilikuwa ya kasi, ila nayo ilikwama, na safari hii programu yake ilikuja bila maandishi yanayosomeka na binadamu. Stallman hakuweza kuongeza hata ule ujumbe mdogo. Alipomfikia mtu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi hayo, jamaa alikataa kumpa. Alikuwa amesaini mkataba wa kutunza siri.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, akianzisha harakati za programu huria, ambazo kila mtu ana haki ya kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Sababu zilikuwa nyingi, ila printa ile ameisimulia kila mara. Harakati iliyobadilisha kompyuta za dunia ina printa iliyokwama kwenye mizizi yake.

Na harakati hiyo imefika Eldoret kwa njia ambayo wengi wetu tunaipita kila siku bila kujua. Mwaka 2001, kule Mosoriot, njia ya kuelekea Kapsabet, kituo cha afya kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka huo huo mpango wa AMPATH ulizaliwa hapa mjini kupambana na Ukimwi, na wagonjwa wakawa wengi kuliko mfumo ule mdogo ulivyoweza kubeba. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walikuja Eldoret kuangalia tatizo hilo. Kutokana na safari hiyo ukazaliwa OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulioanza kutumika hapa Eldoret mwaka 2006 na baadaye ukasambaa kwenye nchi nyingi.

Kliniki hizo zilitegemea nini ili daktari aone kilichomo kwenye kompyuta? Karatasi. Muhtasari wa mgonjwa ulichapwa na kuwekwa kwenye faili lake, ukimkumbusha daktari kipimo kilichochelewa au dawa ya kubadilisha. Mfumo ungeweza kuwa huria kuanzia juu hadi chini, lakini maneno ya mwisho, yale yanayomfikia daktari mkononi, yalipitia printa. Kila ninapofikiria jambo hilo narudi kwa yule mzee kwenye benchi. Kilichomo kwenye kompyuta ni chako. Njia ya kukitoa nje inaweza kuwa ya mtu mwingine.

*

Baba Chela alijaribu kuirudisha printa kwenye toleo la zamani. Alikuwa na faili lake kwenye laptopu, maana ana tabia ya kuhifadhi kila kitu. Printa ikakataa: toleo jipya lilikuwa limefunga mlango nyuma yake. Katriji halisi ilipatikana duka moja tu kabla ya kufunga, na bei yake ilikuwa zaidi ya mapato yetu ya siku mbili. Hata tungeinunua, wino wake usingefika nakala mia moja na hamsini.

Wakati tunasubiri simu za maduka, alinifundisha alichopaswa kunifundisha mwezi wangu wa kwanza. Kwanza uliza nini kimebadilika, na usikubali jibu la "hakuna". Pili, tenganisha: chapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye vitufe vya printa yenyewe, kebo ikiwa imechomolewa. Ikichapa, printa ni nzima na ugonjwa uko kwenye kompyuta, draiva au kebo. Ikikataa peke yake, acha kuisumbua kompyuta. Ningefanya hivyo ningeokoa saa nzima ya kufuta draiva ambayo haikuwa na kosa. Tatu, kabla ya kukubali sasisho lolote andika namba ya toleo ulilonalo, usome linalokuja linabadilisha nini, na usilikubali kamwe siku ambayo kesho yake kuna kazi. Nne, ruta na kompyuta zisasishe, tena haraka, maana huko ndiko wezi wanapopita. Printa ambayo kazi yake ni kuchapa tu, ifunge kwa kebo na uiondoe kwenye Wi-Fi.

"Na ya tano?" nikamuuliza.

"Ya tano, kuwa na printa ya pili."

Akatoka. Baada ya dakika ishirini akarudi na bodaboda, amepakata printa ya leza ya zamani, nzito kama gunia la mahindi, rangi yake ya maziwa imegeuka ya chai. Haikuwa na kioo cha maneno, haikuwa na Wi-Fi, haikuwahi kusasishwa tangu itoke kiwandani. Tona yake alikuwa ameijaza mwenyewe. Tuliichomeka, taa ya kijani ikawaka, ikaanza kutema karatasi.

Haikuwa na rangi, lakini. Nikaenda kwenye benchi na nakala ya kwanza kumweleza mzee. Kwenye flashi, mama yake alikuwa amevaa kitenge cha manjano na kitambaa cha bluu kichwani. Kwenye karatasi alikuwa wa kijivu. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Nikaanza kuomba msamaha.

"Sawa tu," akasema. "Hata kwa kitambulisho alikuwa hivi."

Tulimaliza saa tatu usiku. Nilimrudishia pesa ya rangi, akanipa sehemu yake ninunue chai. Tulipokuwa tunakunja vijitabu na kuvipiga pini, akasimama kwenye orodha ya wajukuu, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kulikuwa na jina limesahauliwa, la mtoto wa mwisho wa dada yake. Printa ilikuwa imeshazimwa na Baba Chela anaifunga kamba tayari kwa safari ya kurudi. Mzee akaomba kalamu. Nikachukua nyingine, tukagawana vijitabu nusu kwa nusu, tukaliandika jina hilo kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka zote mia moja na hamsini zikaisha.